Mlinzi wa Kichwani

Kila asubuhi daktari yule huingia wodini akisugua viganja, maana hapendi kumgusa mgonjwa kwa mikono ya baridi. Husema polepole, na macho huyafikicha kwa kifundo cha mkono. Gunvor, ambaye mumewe Torbjörn ana uvimbe kwenye ubongo, amezoea kuyasoma mabega ya daktari huyo kabla hajafungua kinywa. Safari hii yalikuwa yameshuka.

“Dawa haikupenya tena,” alisema. “Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobanana mno. Huzuia sumu isiingie, na dawa yetu nayo imezuiwa.”

“Yaani kinachomlinda ndicho kinachomnyima dawa?” Gunvor akauliza.

“Ndicho.”

Torbjörn akafumbua jicho moja. “Kumbe nina bawabu mkali hivyo! Mbona pombe alikuwa akiipitisha miaka yote?”

Daktari akacheka, akacheka mpaka akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo Gunvor hakuwahi kumwona akilifanya. Kicheko kilipokwisha hakuinuka. Alikaa akiitazama sakafu.

“Na sasa tufanye nini?” Gunvor akamuuliza.

“Mpeleke nyumbani, Gunvor,” akajibu. “Mpeleke leo, wakati bado anatuchekesha.”