Asiyerudi Amepona

Kama ningepewa siku moja ya kazi yangu niirudie, ningechagua asubuhi ile ambayo Mganga Mkuu wa hospitali yetu aliniwekea mezani rejista ya wagonjwa wa njia ya mkojo, akaniambia nijaze nafasi zilizobaki wazi. Palikuwa na ukurasa mzima na nusu wa majina ya watu ambao rejista haikuwa na habari zao tangu watibiwe. Mbele ya kila jina alitaka niandike neno moja: amepona. Niliandika. Sikutishiwa kufukuzwa wala sikukaripiwa. Ningeweza kukataa kwa adabu, na nadhani angenisikiliza. Jina la nne kutoka mwisho lilikuwa la baba yangu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya uganga na utafiti. Nitaanza na siku ya kwanza, maana siku hiyo ndiyo iliyonifunga na kazi hii maisha yangu yote.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa karani wa rejista katika hospitali moja ya serikali huku Singida. Bendera mpya uwanjani ilikuwa bado haijapauka. Kabla sijaonyeshwa kiti changu, wanaume sita waliingia wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake alilala mzee wa Kinyiramba ambaye hakuwa amekojoa kwa siku tatu. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Hakuwa akilia. Alikuwa akiuma shuka.

Aliyeitwa hakuwa daktari. Aliitwa Masanja, dresa, yaani mtumishi wa kufunga vidonda, Msukuma aliyehamia kwetu zamani. Hakuwa na cheti chochote. Kazi alijifunza kwa kumshikia taa daktari mmoja wa misheni kabla ya uhuru, mpaka siku moja daktari yule akamwachia yeye kifaa. Masanja alinawa taratibu, akachukua mpira wa mkojo uliochemshwa, ule mrija mwembamba unaopitishwa mpaka kwenye kibofu, akaupaka mafuta. Kisha akainama sikioni kwa mgonjwa.

"Mtani, nyie Wanyiramba ni wafuga kuku. Jogoo amekauka sauti siku tatu, na wewe umekaa tu unangoja awike mwenyewe?"

Mzee alifungua jicho moja. "Msukuma wewe, nitoe mkojo kwanza. Matusi yako nitayalipa nikipata nguvu."

Akacheka kidogo, na katika kucheka mwili wake ukalegea. Hapo ndipo mpira ulipopita. Nilisikia mkojo ukigonga beseni la enameli, ukaendelea kutoka mpaka beseni la pili likaletwa. Mzee alilia sasa, kwa nafuu, akimshika Masanja kifundo cha mkono asiondoke. Nimeona mengi tangu hapo, hata mtoto akizaliwa njiani ndani ya lori, lakini sijaona tena mtu akirudishwa duniani kwa upole kiasi kile.

Baadaye nilielewa kwamba utani ule ulikuwa sehemu ya dawa. Wanaume wa kwetu hawakuzungumza habari za sehemu hizo na mtu yeyote, lakini kwa mtani hakuna aibu. Masanja aliuliza kila kitu kwa kejeli na akajibiwa kila kitu.

Wagonjwa wake wengi walikuwa na kovu ndani ya njia ya mkojo, wengine kwa kisonono cha ujanani, wengine kwa kuanguka. Kovu hubana njia mpaka iwe kama tundu la sindano. Hao aliwapanua kwa vyuma vilivyopinda nchani, akianza na chembamba na kupanda polepole, kila Jumanne. Jambo alilotufundisha sana ni kwamba kupanua mara moja hakutoshi. "Kovu halisahau," alisema. Kila aliyetoka alipewa kipimo chake cha nyumbani: mkojo ukianza kukulowesha vidole vya miguu badala ya kwenda mbele, usingoje mavuno, njoo Jumanne.

Miaka ilipopita na vijiji vya ujamaa vikaanza, alikuja kwetu Daktari Mtafiti, bingwa wa magonjwa haya kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali iliyofifia magotini. Alitaka kujua mambo matatu: wagonjwa wa mkojo ni wangapi, nani anayeweza kuwatibu, na wanakuwaje baada ya kwenda nyumbani. Siku yake ya pili alimwona Masanja kazini. Alisimama nyuma yake mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia kwamba alisoma miaka mingi na mikono yake haijafika pale. Nilijivuna kana kwamba mikono ile ilikuwa yangu.

Akanipa rejista mpya na baiskeli ya hospitali. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta kila mgonjwa kwake baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Alinifundisha maneno manne ya kuandika: amepona, anaumwa, amefariki, hajaonekana. Nilimwuliza hilo la mwisho lina faida gani.

"Ndugu Mkumbo, kesho usiponiona hapa utaandika nimekufa?"

"Hapana, Daktari."

"Utaandika nimetajirika?"

"Hapana."

"Basi usichokijua, andika kwamba hukijui. Hilo ndilo neno la heshima kuliko yote katika kazi yetu."

Akarudi Dar es Salaam kungoja matokeo.

Nilizunguka na baiskeli hiyo Sepuka, Issuna na vijiji vingine vingi. Mahali pengine nilikuta nyumba za tembe zimeezuliwa na mbuzi wanalala ndani, wenyewe wamehamia kijiji kipya ambacho hakuna aliyeweza kunionyesha njia; nafasi zao niliziacha wazi kwanza, nikitumaini kuwapata. Pengine nilimkuta mtu mwenyewe akaniambia hajambo kabisa, huku mkewe nyuma yake akitikisa kichwa. Lakini niliwakuta pia waliopona kweli. Mmoja wa Sepuka aliniongoza mpaka kwenye kichuguu nyuma ya zizi, akanionyesha kwa fahari umbali anaosimama sasa na mkojo bado unakifikia. Niliandika "amepona" kwa furaha.

Baba yangu alikuwa katika rejista hiyo. Alikuja kutoka Ulemo mwaka uliotangulia, akamwambia Masanja jambo moja tu kabla ya kulala kitandani: mwanangu asiingie. Nilikaa nje ya mlango, nikamsikia akicheka utani ambao mimi sikupaswa kuusikia. Alitoka akitembea wima.

Zamu yake ya kutembelewa ilipofika nilikwenda Ulemo. Nilimkuta akitoka nyuma ya nyumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Nikatazama katambuga zake, vile viatu vya matairi vinavyoacha vidole wazi. Ngozi ya vidole ilikuwa imelowa, na vumbi limeshika juu yake kama unga. Nilijua. Mtu yeyote aliyekaa na Masanja wiki moja angejua. Daktari Mtafiti alikuwa amenipa swali la kuuliza, limeandikwa kwenye karatasi mfukoni mwangu: je, mkojo unatoka sawasawa? Lakini mtoto wa kwetu hamuulizi baba yake habari hizo. Nikamwuliza habari za uwele na ng'ombe. Tukala. Nikarudi na nafasi yake ikiwa wazi.

Wiki chache baadaye ndipo Mganga Mkuu aliponiita. Alikuwa mtu wa haki katika mambo mengi, ila alichoka na maswali kutoka juu. Ripoti ilitakiwa, mafuta ya gari hayakuwapo, na nafasi zilizo wazi zilimwaibisha. Nikamkumbusha lile neno la nne.

"Anayeumwa hurudi, Ndugu Mkumbo. Asiyerudi amepona. Hata mbuzi akiumwa hulia." Kisha akagusa bahasha iliyokuwa pembeni. "Barua yako ya kwenda chuo cha waganga wasaidizi inaondoka pamoja na ripoti hii."

Nilikitaka chuo. Sitawaficha. Nilikaa na kalamu, nikaanza juu, na nilipofika kwa baba nikaandika kwa mwandiko uleule ili asitofautiane na wengine.

Daktari Mtafiti aliiamini rejista kwa sababu aliniamini mimi. Ripoti ikasema wagonjwa wengi mno wanapona kwa kupanuliwa mara moja, basi haikuonekana haja ya siku maalumu ya kuwarudia. Katika jedwali la watumishi wenye ujuzi Masanja hakuwamo, kwa kuwa hakuwa na cheti. Jumanne ikafutwa. Vyuma vikafungwa kitambaa vikawekwa stoo, na Masanja akahamishiwa zahanati ya mbali kuosha vidonda. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda chuo.

Baba alikwenda hospitali Jumanne moja, kama alivyoagizwa. Akaambiwa huduma hiyo haipo tena. Akarudi Ulemo bila kumweleza mtu. Mvua zilipoanza mkojo ulifunga kabisa. Mtumishi mwingine alijaribu mpira ukakataa kupita. Wakaanza safari ya kumpeleka kwingine, lakini lori likakwama matopeni. Alifia hapo.

Masanja alikuja msibani, kama ilivyo wajibu wa mtani. Alilala ndani ya kaburi kabla ya maziko akidai apewe jogoo ndipo atoke, na watu waliochoka kulia wakacheka. Jioni alinivuta kando.

"Ulikuwa unajua?"

Nikamweleza habari ya katambuga.

"Mbona hukunituma? Mimi ningemuuliza." Hakupandisha sauti. Alinishika bega, akaenda kuketi na wazee.

Nilistaafu nikiwa mganga msaidizi, mzee mwenye mvi. Nilivitoa vyuma vile stoo mara niliporudi kutoka chuo, na mikono yangu ikajifunza sehemu ya yale ya Masanja. Kila beseni lilipojaa nilisimama kwa mshangao uleule wa siku ya kwanza. Nilimwandikia pia Daktari Mtafiti kukiri. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba rejista imesahihishwa, nikaelewa kuwa hatanituma tena.

Watu husema nilipata mengi kwa ripoti ile, na ni kweli. Nilipata chuo, cheo na pensheni. Nilimwandika baba amepona nikijua anaumwa, na kwa sababu hiyo alifika kwenye mlango uliofungwa, akafa. Nilimpoteza baba yangu.