Mama Alitaka Kuletewa Sahani

Safari ya Kilwa aliianzisha mama, na ndiyo maana baba aliichukua akaifanya yake. Mama alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Baada ya msimu mzima wa kuokota korosho shambani kwetu Rutamba, na kutupikia kila siku juu ya hayo, alitaka Jumamosi na Jumapili aende Kilwa Masoko, akae mezani karibu na bahari, aletewe sahani na mtu ambaye hakumzaa. Alilisema mbele yetu sote. Mimi na dada yangu tukacheka, yeye hakucheka.

Baba akaazima gari la rafiki yake, akaliosha, akatangaza kwamba familia yake inakwenda kupumzika. Kisha, kwa ustaarabu wake usio na mfano, akampigia simu shangazi yetu wa Kiswere, dada yake mkubwa, kumjulisha kwamba tutapita njia hiyo. Kwetu mtu hapiti mlangoni kwa ndugu yake kimya kimya. Hiyo ni dharau, na itasemwa kwenye kila msiba mpaka wajukuu waisikie. Mama alikuwa anakunja doti lake jipya la khanga. Aliposikia ile simu akaacha, akamtazama baba. Baba akaapa kwamba tutasalimia dakika tano, hata gari hatazima.

Gari lilizimwa. Uwanjani kwa shangazi mikeka ilikuwa imetandikwa, sufuria za shughuli zimeazimwa, na mwalimu wa madrasa ameshafika na wanafunzi wake. Shangazi alikuwa ameona kwamba, kwa kuwa mdogo wake anapita, ni vyema marehemu babu asomewe hitma. Uamuzi mzuri sana. Babu alikuwa ametulia kaburini miaka yote bila haraka yoyote, lakini Jumamosi ile, inaelekea, asingeweza kungoja.

Mama akaamkia, "Shikamoo wifi," akaitikiwa marahaba, na kabla hajakaa sawasawa beseni la vitunguu likawa mbele yake. Hakuna aliyemlazimisha, tusisingizie watu. Ni kwamba mke wa kaka akija kwenye shughuli ya ukoo akaketi mkekani na mkoba wake, ataulizwa kama anaumwa. Mama akavua viatu vya safari, akajifunga kiunoni upande mmoja wa lile doti jipya, akaanza kumenya. Mimi na dada yangu tulipewa mchele tuuchambue. Baba akapewa mto wa kuegemea, maana maskini alikuwa ameendesha gari.

Hitma ikasomwa, pilau ikaliwa, wanaume wakaisifu kwa kuongeza sahani. Halafu baba akaja huku nyuma ya nyumba, jikoni, mahali ambapo bahari inaonekana kati ya minazi. Akanyoosha mkono kuionyesha kana kwamba ameinunua yeye, akamweleza mama kwamba kwa kweli hatukuwa na haja ya kufika Masoko.

"Si bahari ni hii hii?" akasema.

Mama alikuwa anakwangua ukoko. "Ndiyo hiyo hiyo," akajibu. "Nimeipa mgongo tangu nifike."

Nilimchukia baba kidogo pale. Nalisema wazi, na siku moja atalisoma. Kusoma anajua, kinachomshinda ni kuona. Aliondoka akichokonoa meno.

Tulilala Kiswere, bila shaka. Jumapili asubuhi mama akasaidia kuchemsha mihogo na chai, akaaga kila mtu kwa heshima zote, akaenda kukaa kiti cha mbele. Baba akaanza: siku yenyewe imeshakwenda, gari ni la watu, nyumbani tumeacha kuku.

"Baba watoto," mama akasema, "mimi bado sijafika." Akafunga mkanda.

Basi tukaenda. Tulipofika Nangurukuru baba akakata kona ya Kilwa, akiwapigia honi mbuzi waliokuwa wamesimama zao pembeni. Masoko tukapata mgahawa wa makuti unaotazama maji. Mama akaagiza wali na pweza wa nazi bila kutuuliza sisi tunataka nini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaletewa sahani, akala polepole, uso ameuelekeza baharini. Nilifurahi hadi nikasahau chakula changu.

Kisha, sisi wengine tukiwa bado tunatafuna, akaanza kukusanya sahani. Akazipanga, ndogo juu ya kubwa, akasimama akitafuta pa kuoshea. Binti aliyetuhudumia akazipokea.

"Acha mama, hiyo ni kazi yangu."

Mama akakaa. Aliweka mikono mezani, akaiondoa, akaiweka mapajani.

"Sasa hii mikono niiweke wapi?" akauliza, akajaribu kucheka, machozi yakamtoka.

Mimi niliona aibu. Yule binti akaja na jagi na beseni atunawishe, akamwelekea baba kwanza, kama inavyotarajiwa. Baba akasimama, akampokonya jagi, akazunguka meza hadi kwa mama. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya, maana tangu azaliwe yeye ni wa kunyoosha mikono tu. Maji mengine yakaenda kwenye beseni, mengi yakaishia kwenye khanga.

"Taratibu," mama akamwambia, mikono yake bado ameikinga. "Na sabuni."