Kibao cha Painah

Watu wa nje wakisikia kwamba kiwandani kwetu kuliwahi kuwa na mzuka, husogeza viti karibu. Wanataka nywele ndefu na nguo nyeupe. Poleni. Mzuka wetu ulikuwa na mkasi tu, na mwanzoni aliyekuwa akiusikia ni mtu mmoja, Kasmirah, jirani yangu hapa mtaani na mwenzangu wa safu moja kazini. Mimi ni Tarmi. Nasimulia mimi kwa sababu Mirah hapendi maneno mengi, nami nayapenda.

Kazi yetu hapa Kudus, kisiwani Java, ni kusokota sigara za karafuu kwa mkono. Mashine zipo, lakini wavutaji wazee wanasema sigara ya mashine haina roho. Ni kazi ya wanawake wawili wawili: mmoja anasokota, mwenzake anashika mkasi na kukata tumbaku inayoning'inia nchani. Zamani mliketi mkitazamana, magoti karibu kugusana, na ukishampata mwenzi mnayeelewana mikono, hamwachani mpaka mmoja azeeke. Wapo waliobadili waume wasibadili mkataji. Mirah na Painah walianza pamoja wakiwa wasichana, Mirah akisokota na Painah akikata. Painah alikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wake ulikuwa mchafu, Mungu amrehemu. Alimtania Mirah kwamba sigara zake ni nyembamba kama mumewe. Mirah hucheka bila sauti, mabega yakitikisika, na mikono haikusimama hata siku moja. Sisi wengine tulikuwa tukiwafukuzia tu, hatukuwapata.

Kisha akaletwa meneja mpya, Pak Hendarto; Pak kwetu ni kama kusema Bwana. Sisemi alikuwa mkatili. Sauti yake ilikuwa laini, alitusalimia kwa kuinamisha kichwa, na siku ya Idi alitugawia sirapu kila mtu chupa yake. Ila alikuwa ameyasomea haya mambo ya kazi, na kichwani mwake mtu anayecheka ni mtu asiyefanya kazi. Redio ikazimwa. Madirisha yakafungwa, ati upepo unakausha tumbaku. Maji yakapigwa marufuku mezani, ati yanailowesha. Meza zikageuzwa zote zielekee mbele kama darasani, mkataji akawekwa nyuma ya mgongo wa msokotaji, ili tusipige soga. Na kila safu ikapewa kibao kimoja chekundu chenye kamba. Ukitaka kwenda chooni, unakitoa msumarini na kukivaa shingoni. Kikiwa nje, wewe uliyebaki utajijua mwenyewe.

Safu nzima ya wanawake, kibao kimoja! Wenye mimba humo, wenye hedhi humo, wenye sukari humo. Tulimtuma nyapara wetu, Rumiyati, apande ngazi akatuombee cha pili. Akarudi akasema Pak Hendarto amesikitika sana, lakini akiipa safu moja itabidi azipe zote. Basi tukafanya wafanyavyo wanyonge: tukaacha kunywa maji. Asubuhi nusu kikombe cha chai, kisha mdomo mkavu mpaka saa ya kula, ndani ya joto lile. Na msidhani sigara ziliongezeka. Zilipungua. Mkono ukifanya kazi bila soga huchoka upesi, na vikapu vya zilizoharibika vikawa vinajaa kabla ya adhuhuri. Pak Hendarto akaona dawa ni kutubana zaidi.

Aliyeumia ni Painah. Miguu ilimvimba, kiuno kikamuuma, mkojo ukawa rangi ya kahawa. Alikwenda zahanati, akapewa vidonge na kuambiwa anywe maji kwa wingi. Alirudi akitusimulia huku anacheka, akisema kesho atamleta yule daktari avalishwe kibao yeye. Tulicheka naye. Ndiyo, tulicheka, tufanye nini.

Siku Painah aliyoanguka, Mirah alikuwa amekwisha kukitoa kibao msumarini. Painah akamgusa mgongoni kwa mpini wa mkasi, akamwomba amwachie atangulie yeye. Mirah hakugeuka, maana kugeuka lilikuwa kosa. Alisema tu kwamba anakwenda mara moja na kurudi. Laiti wangekuwa wameketi kama zamani, angeuona uso wa mwenzake, na mtu aliyeuona uso ule asingekwenda popote. Chooni alikuta foleni ya safu nyingine. Aliporudi, Painah alikuwa sakafuni, mkasi ungali vidoleni, na Rumiyati anampepea kwa kipande cha boksi.

Alifia hospitali, wiki hiyohiyo. Daktari alituambia wazi kwamba figo zilikuwa zimekwisha kitambo, kwamba ile siku moja haikuongeza wala kupunguza. Mimi nilikuwepo akisema. Mirah naye alikuwepo, lakini hakuwa akisikia chochote.

Baada ya mazishi alipewa mkataji mpya, binti mmoja mpole wa kutoka Jepara. Hakudumu. Mirah alikuwa akisokota, ghafla mikono inasimama, kichwa kinainama upande kama mtu anayesikiliza mlango. Binti akamuuliza kuna nini. Akajibiwa kwamba kuna mikasi miwili nyuma: mmoja unakata, na wa pili unakwenda polepole, mkasi wa mtu aliyebanwa na mkojo. Binti aliomba ahamishwe safu siku hiyohiyo, na kile kigoda cha nyuma kikabaki kitupu, maana hakuna aliyekubali kukikalia. Asubuhi tulikuta maua na kikombe cha kahawa nyeusi chini yake, kama anavyowekewa marehemu. Nani aliweka? Wote na hakuna.

Mirah akawa wa mwisho katika safu kwa idadi ya sigara, yeye aliyekuwa wa kwanza, na Rumiyati alimwonya. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni midomo yake. Ilikuwa imepasuka. Nilimpelekea supu ya kuku nyumbani, akala wali na kuuacha mchuzi. Nikatazama chini nikaona viatu havimwingii, amevikanyaga visigino. Miguu ileile ya Painah. Nikasema moyoni, huyu anamfuata mwenzake, na anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Jumapili nilimfuata jikoni kwake, nikafunga mlango, nikamwekea bilauri ya maji mbele.

"Mirah, unataka kufa?"

"Hapana, Yu." Huniita Yu, dada, kwa kuwa nimemzidi umri.

"Basi kunywa."

Akaitazama ile bilauri kama nimemwekea sumu. "Nikinywa nitataka kutoka. Nikitoka nitachukua zamu yake."

"Zamu ya nani? Painah tumemzika, na hitima tumesoma."

"Hajaenda, Yu. Anasubiri kibao." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama anayeniambia kwamba mchele umekwisha. "Mimi ndiye niliyekichukua."

Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamwita mjinga, nikalia mimi badala yake. Hakunywa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niimwage wapi, nikaishia kumfokea mume wangu masikini, ambaye alikuwa anakula tu.

Kesho yake, kazi ilipoanza, Mirah alinyanyuka, akakitoa kibao msumarini, akaenda kukitundika kwenye kile kigoda kitupu. Akamwambia Rumiyati kwa adabu kwamba Painah ametoka. Kisha akarudi kuketi.

Safu nzima iliganda. Rumiyati alinyoosha mkono akichukue, ukafika nusu ya njia, akaanza kusoma Ayatul Kursi chini ya pumzi, akaurudisha. Nani angemvua marehemu kamba ya shingoni? Na sheria ilikuwa sheria: kibao kiko nje, hakuna wa kutoka. Tukakaa. Kuelekea adhuhuri mama mmoja wa mbele yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alijikojolea pale pale kitini, na akaendelea kusokota, machozi yakimdondoka juu ya tumbaku. Tukajifanya hatuoni, ndiyo heshima pekee tuliyokuwa nayo ya kumpa.

Hapo Rumiyati akapanda ngazi. Ofisi ya meneja iko juu, ina ukuta wa kioo, anatuona wote kama samaki. Haukupita muda Pak Hendarto akashuka mwenyewe, mkononi kibao kipya, rangi yake bado inanuka. Akatuambia kwa ile sauti yake laini kwamba yeye anaheshimu imani za watu. Marehemu abaki na kibao chake, na sisi tutumie hiki. Sasa safu yenu ina viwili, akasema, akatabasamu, kwa kweli alifurahi kuwa amelimaliza jambo. Wanawake wawili watatu walimshukuru. Nami mdomo wangu, ambao mama yangu alisema utanichongea, ukafunguka.

"Pak, tulikuomba hicho cha pili alipokuwa bado na kibofu."

Tabasamu lilimbaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe. Akageuka akapanda ngazi zake. Nilijua nimeshajifukuzisha kazi, na kwa kuwa nimeshajifukuzisha nikaona nimalize. Nikageuka waziwazi, mgongo kwa meza, nikamwita Mirah kwa jina lake lote.

"Kasmirah. Wewe ulikichukua kibao mara moja. Aliyekifanya kiwe kimoja ni nani?"

Akachota tumbaku nyingine.

"Painah hana ugomvi na wewe. Amepotea njia tu. Angeijua, angepanda ngazi."

Mirah aliendelea kusokota. Sigara moja, nyingine. Nikadhani hakusikia, kama vile hospitali. Kisha mikono ikasimama. Akainuka, akaenda kwenye kigoda, akakitoa kile kibao cha zamani kwa mikono yote miwili, kama mtu abebaye sahani ya wageni. Akatembea katikati ya safu, viatu vikiburuzika, akazipanda ngazi moja moja. Alipofika juu alikitundika kwenye kitasa cha mlango wa ofisi, upande wa nje, akabisha hodi. Alisema kwa lugha ya juu, ile ya kusemea na wakwe, na Rumiyati aliyekuwa chini ya ngazi alisikia kila neno.

"Samahani sana, Pak. Painah anaomba ruhusa ya kutoka. Alikuwa akiniomba mimi kwa makosa. Nimemleta kwako."

Kisha akashuka kinyumenyume, kichwa kimeinama, kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa.

Rumiyati anasema Pak Hendarto alicheka. Sisi hatukusikia kicheko. Tulimwona amekaa, amejishughulisha na karatasi, na chupa zake za maji mezani kama kawaida. Baadaye alinyanyuka. Choo chake kiko nje, mwisho wa ujia. Alifika mlangoni, akatazama kupitia kioo kile kitu kinachoning'inia kwenye kitasa, akarudi kuketi. Akanyanyuka tena. Akarudi tena. Alimpigia simu Rumiyati aje akiondoe, na Rumiyati, mwoga wa siku zote yule, akamjibu kwamba ni afadhali afukuzwe kazi. Kulikuwa na mkono wake tu uliobaki wa kukigusa, na mkono wake ulikataa. Jua lilikuwa limeshageuka, naye amekaa ameyabana magoti, uso umelowa jasho, anatutazama sisi, sisi tunamtazama yeye.

Hakuna aliyecheka. Mimi ninayecheka hata msibani sikuweza, kwa sababu hapo ndipo na mimi niliposikia. Mkasi. Polepole, unafunguka, unafunga. Naapa kwa Mola wangu, na mikasi yote ya safu yetu ilikuwa mezani.

Mirah aliinua kichwa. "Unasikia, Yu?"

"Nasikia."

"Uko juu."

"Uko juu," nikasema.

Akaninyooshea mkono, bila kunitazama. Nilielewa. Nilikuwa na chupa ya maji nimeificha chini ya kitambaa, ya magendo, tangu alfajiri, nikingoja saa atakayoitaka. Alikunywa yote, maji yakimchuruzika shingoni, akaomba nyingine, na mama yule aliyejikojolea akampa yake, kumbe naye alikuwa nayo. Kisha Mirah akasimama. Msumarini kibao kipya kilikuwa kinaning'inia, alikipita. Alimpita na nyapara, na Rumiyati akatazama sakafu.

Alikaa chooni muda mrefu sana. Tulimsikia akilia huko, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Painah, na hakuna mtu aliyekwenda kumharakisha.