Kifuniko cha Koko Anyesi

Jua linachungulia begani mwa Mlima Meru, na Nalepo Tajeu ameinamia kibuyu kitupu cha kugandishia maziwa kibandani kwake, Sekei. Mkononi ana kijiti cha mzeituni mwitu chenye kaa jekundu. Anakichomeka ndani, anasugua, moshi unapanda. Kabla haujatoka wote, anaufunika kwa kifuniko, pa!

"Hapo ndipo utamu unapokaa," anasema, akifuta machozi ya moshi huku akicheka.

Nalepo, mwenye miaka thelathini na mmoja, anauza loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Kibanda alikirithi kwa mama yake, Anyesi, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Wateja hakuwarithi. Sufuria ya mama ilikuwa ikiisha kabla ya saa nne asubuhi. Yake ilirudi nyumbani nusu.

Mzee Sakaya, mteja wa siku nyingi, hakumficha: "Shikamoo yako nimeiitikia, binti yangu, lakini maziwa haya hayanijui."

"Nilibadilisha mahindi, nikabadilisha hata anayeniletea maziwa," anasema Nalepo. "Nikaanza kufikiria kufunga."

Kisha, Machi mwaka huu, binti yake Blessing, wa miaka mitano, alikuwa akichezea kifuniko wakati mama yake akifukiza kibuyu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Moshi ulipomfika puani, akasema tu: "Koko alikuwa anaufungia. Anauambia, lala humo, lala."

Koko ni bibi. Nalepo alikitazama kifuniko mkononi mwa mtoto. Siku zote alikuwa akiuacha moshi utoke wote, ndipo anamimina maziwa. Utotoni, mama yake alipofukiza, yeye alikuwa bombani akichota maji. Hatua hiyo hakuwahi kuiona.

"Nikamuuliza, Koko aliufungia muda gani? Akanijibu, 'Mama, nataka andazi.'"

Alijaribu. Siku ya tatu maziwa yalipoganda, alionja kijiko kimoja, na bila kutarajia akajikuta ana miaka saba, amekaa kwenye kigoda, shavu lake limegusa kanga ya mama.

"Nililia huku nacheka. Jirani alidhani nimeungua!"

Mzee Sakaya alimaliza bakuli, akaramba kijiko. "Anyesi karudi," akasema, na kunyoosha bakuli aongezewe.

Siku hizi sufuria inaisha saa tatu na nusu. Nalepo anataka kutafuta vibuyu sita zaidi huko Kikwe, ili loshoro yake ifike hadi Olasiti. Kwa Blessing ana mpango mwingine: kila Jumamosi acheze hapohapo, karibu na moshi.

"Simfundishi," anasema. "Namwacha acheze. Siku akihitaji, moshi utamwambia."