Siku Mbili za Woga Kwenye Maonyesho ya Nyoka Johannesburg

Safari hii niliikubali kwa sababu nilishindwa kueleza kwa nini naikataa.

Kwa miaka kumi na miwili watu wa Muheza na vijiji vya jirani wamekuwa wakiniita nyoka akiingia ndani. Namkamata, namtia kwenye ndoo yenye kifuniko, nakwenda kumwachia mbali na makazi. Nyoka nawapenda tangu utotoni, kama wengine wanavyopenda njiwa. Lakini mwaka jana, wakati wa masika, kifutu aliniuma kwenye banda la kuku la jirani, na hospitalini nikakatwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Tangu hapo, jani kavu likisogea tu, jasho linanitoka. Nimeitwa mara nne, na mara nne nimetuma jibu kuwa sipo. Hata mke wangu sikumwambia.

Basi chama chetu cha wapenda nyoka, watu tisa tu, kilipoalikwa kwenye maonyesho ya reptilia na wanyamapori huko Johannesburg, kilitaja jina langu kabla sijafungua kinywa. Kulikuwa na mafunzo ya kukamata nyoka wenye sumu na ya huduma ya kwanza, na sisi tulikuwa tumeahidi kuja kuwafundisha wakulima na wauguzi wa kwetu. Mwenzangu alikuwa Mwalimu Hilda Mshana, mstaafu wa baiolojia, mwenye goti bovu na sauti ya kunyamazisha darasa la watu sitini. Wote walipiga makofi. Nami nikapiga.

Alhamisi alfajiri tulipanda basi kwenda Dar es Salaam, na kesho yake ndege ikatupeleka kusini. Mwalimu Hilda alisinzia njia nzima. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wangu uliobaki na vidole vinne, nikijiuliza utatulia vipi ukishika fimbo mbele ya watu.

Ijumaa mchana mwenyeji wetu alitupokea uwanja wa ndege. Papa Ilunga ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Anaishi mtaa wa Troyeville, na karakana yake iko Jeppestown. Tuliunganishwa naye na ndugu wa kanisa la Mwalimu. Mlangoni mkewe, Mama Ilunga, alituzuia kwa mikono miwili.

"Karibuni, batu ba Tanzania. Lakini kwanza muniambie: mu mifuko humo hamuna nyoka?"

"Hamna, mama," Mwalimu Hilda akamjibu. "Kuna kahawa na viungo tu."

"Basi muingie. Nyoka mimi naogopaka sana."

Nilitamani kumwambia kuwa tuko wawili.

Wakati wa chai Papa Ilunga alitupa maelekezo. Simu isikae mkononi barabarani. Kiswahili tusikiseme kwa sauti kubwa, kwa maana kuna siku watu hawapendi kusikia lugha za wageni. "Kesho mutatembea mupaka kwa robot ya pili, pale mutangojea gari," akasema. Mimi nikadhani kuna mtambo umesimamishwa njiani, hadi binti yake alipocheka na kunieleza kwa Kiingereza kuwa robot ni taa za barabarani. Nami nikacheka, lakini usingizini nilimwona kifutu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tuliingia ukumbini. Sijawahi kuona kitu kama kile. Meza kwa meza, visanduku vya plastiki vyenye nyoka wa rangi ambazo porini hazipo: chatu mweupe kama maziwa, wengine wa manjano kama embe bivu. Kobe walikuwa wakitafuna majani ndani ya beseni. Familia zilipita na watoto waliojivika nyoka shingoni kama skafu. Msichana wa miaka kama saba akaninyooshea chatu wake nimpapase. Nikarudi nyuma nikamkanyaga mtu.

"Samahani, Mwalimu," nikasema nilipogeuka.

Mwalimu Hilda alinitazama jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani.

Saa tano kundi letu la watu kumi na wawili liliitwa kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa vioo. Mkufunzi alikuwa Sista Nomvula (kule muuguzi huitwa sista), Mzulu wa makamo, mfupi, mwenye mikono minene iliyotulia kama ya mtu anayekanda unga. Kwa Kiingereza akatueleza na kutuonyesha fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, na jinsi ya kumwongoza nyoka aingie mwenyewe kwenye bomba la plastiki ili kichwa kisigeuke. Kisha akafungua sanduku la kwanza.

Alikuwa kifutu. Mnene, mfupi, mgongo wenye alama za mishale. Alivuta pumzi akaitoa, na ule mlio ulikuwa kama wa tairi linalotoboka. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Wa kwanza, kijana kutoka Zambia, alifanya vizuri. Wa pili naye akafanya. Sista Nomvula akanipa fimbo.

Niliingia hatua mbili. Nikainua fimbo, ncha yake ikaanza kugonga sakafu: ta-ta-ta-ta. Nilijaribu kuituliza kwa mkono wa pili, ikazidi. Kifutu akajikunja.

"Rudi nyuma polepole," Sista Nomvula akasema. "Umeumwa lini?"

"Sijaumwa," nikajibu. "Ni tumbo. Chakula cha jana."

Akautazama mkono wangu wa kushoto, akaichukua fimbo bila kubishana. Mwalimu Hilda akaomba nafasi yangu. Kwa goti lake lile, akiinama kama anayeokota chaki, alimtia kifutu kwenye bomba kwa jaribio la kwanza. Watu wakampigia makofi. Nilikaa benchi la nyuma nikiwa na aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kuitua.

Tuliporudi Troyeville, getini Mwalimu akasema, "Mhina, tangu masika umekuwa ukiwaambia watu hupo. Mara mbili nimeitwa mimi." Akaingia ndani.

Jumapili asubuhi lilikuwa somo la huduma ya kwanza. Nilifurahi, kwa maana hakukuwa na nyoka, na jambo hili nililijua. Kwa miaka yote ile, kila nilipokamata nyoka, nilikusanya watu uani nikawafundisha: aliyeumwa afungwe kamba juu ya jeraha, ikazwe mpaka damu isipite, kisha apelekwe hospitali. Ndivyo nilivyofundishwa na baba. Ndivyo nilivyojifunga mwenyewe siku ile.

Sista Nomvula akaweka picha ukutani. Mkono uliovimba ukawa mweusi kuanzia alama ya kamba kwenda chini.

"Huyu aliumwa na kifutu," akasema. "Sumu ya kifutu huharibu nyama. Ukifunga kamba, unaifungia sumu mahali pamoja na unazuia damu. Msifunge. Msichanje. Msinyonye. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, vueni pete na saa, mbebeni mpaka hospitali."

Akaweka picha ya pili, ya mguu. Sikuiona vizuri. Nilikuwa nikimwona Omari.

Omari ni mkulima wa machungwa, kijiji cha tatu kutoka kwetu. Aliumwa shambani miaka minne iliyopita. Wenzake walimfunga kamba ya katani chini ya goti, kwa nguvu, kama nilivyowafundisha mwenyewe wiki mbili kabla, na njia ikawa mbovu, wakachelewa saa nyingi. Mguu ulikatwa. Alipopona alikuja kwangu kwa magongo kunishukuru. "Bila somo lako ningekufa," alisema. Tangu siku hiyo, kila msimu ananitumia kikapu cha machungwa, nami nayala.

Nilinyoosha mkono.

"Na mtu aliyewafundisha watu kufunga kamba," nikauliza, "je, kama hakujua?"

Sista Nomvula akaja karibu.

"Hicho kidole ulikifunga?"

"Nilikifunga. Saa tatu nzima."

"Siwezi kusema kingepona. Pengine sumu ingekiharibu hata hivyo. Lakini kamba haikusaidia." Akaiondoa picha ukutani. "Uliwafundisha wangapi?"

"Sijui. Vijiji saba."

"Eish, bhuti," akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwita kaka yake. "Basi una kazi nyumbani."

Jioni, jikoni kwa Mama Ilunga, nilimwambia Mwalimu yote: woga, uongo wa tumbo, Omari. Alikuwa akimenya viazi.

"Unaogopa Omari akufanye nini?" akaniuliza.

"Naogopa asifanye chochote. Naogopa atanisamehe kwa kutojua, anipe machungwa mengine."

"Hilo si la kuchagua wewe," akasema, akanipa kisu nimsaidie.

Jumatatu tuliruka kurudi. Mwalimu alikuwa na cheti cha kukamata nyoka. Mimi nilikuwa na kijitabu cha huduma ya kwanza. Jumanne usiku nilimweleza mke wangu. Jumatano, kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote, nilikwenda kwa Omari.

Alikuwa amekaa kibarazani akinoa jembe. Nilikataa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitazunguka maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mguu wangu ungekuwepo?"

"Sijui. Pengine."

Akamwita mkewe. "Rudia, na huyu asikie."

Nikarudia. Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Omari aliendelea kushika tupa bila kunoa.

"Jumamosi kuna mkutano wa kijiji," akasema hatimaye. "Utasema mbele ya watu hayo hayo. Nitakuja, nitakaa mbele wanione. Lakini hapa kwangu, Mhina, usije tena."

Nimejifunza mengi Johannesburg. Nyoka nikimwona bado natetemeka; wanaokwenda kuwakamata sasa ni Mwalimu Hilda na wauguzi wawili aliowafundisha, na wakiniita nasema wazi kuwa siwezi. Nimejifunza kuwa nilichokiogopa miezi yote ile kilikuwa kidogo. Mtu hutembea nchi mbili akimkimbia kifutu, kumbe kinachomngoja ni jirani.

Jumamosi ile Omari alikuja kwa magongo, akakaa mstari wa mbele kama alivyosema. Nilisimama, nikaeleza, na nilipofika kwenye neno "nilikosea" nilimtazama yeye. Hakuitikia kwa kichwa, wala hakugeuza uso. Alikaa pale mpaka nilipomaliza, na watu walipoanza kuuliza maswali, swali la kwanza lilikuwa lake: "Sema tena pole pole, tumshike vipi mgonjwa?"