Firigisi ya Mzee Barasa

Nakumbuka Jumatano moja, wiki ya harusi yangu, nikisukwa nywele mlangoni kwa mama hapa mtaani Langas. Akatokea Mzee Barasa, msimamizi wa vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba jipya la maji. Buti zilijaa tope, kofia alikuwa ameishika mkononi. Mwanangu, mtu akivua kofia hata kabla ya kusalimia, jua kuna neno.

"Mama Nekesa," akamwambia mama, "nilikuahidi maji kabla ya harusi. Bomba la zamani tumeshalikata, na huko mbele tumekuta mwamba. Jumamosi maji hayatakuwepo."

Woi! Mama alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. "Wageni wanatoka Bungoma basi zima! Nitawanawisha mate?" Mzee wa watu alisimama tu. Hakujitetea, wala hakumsingizia mkubwa wake. Mama alipochoka, Barasa akasema, "Kesho jioni nitapita nikwambie tumefika wapi," akaenda zake.

Mimi nikalia. Nikasema yule mzee ana roho mbaya, si angenyamaza tu harusi yangu ipite! Mama akaniangalia vile mama huangalia mtoto aliyemwaga maziwa.

"Angenyamaza, Jumamosi ungeosha sufuria na hayo machozi yako," akasema. "Ameniumiza, ndiyo, lakini amenipa nafasi ya kutafuta maji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyamaza usukwe."

Kesho yake kina mama wa kanisa wakashuka mtoni Sosiani na mitungi, wakiimba. Jirani mmoja, aliyekuwa shamba boi kule mtaa wa matajiri, Elgon View, akamwomba tajiri wake maji, akayaleta kwa mkokoteni. Na Barasa alipita kila jioni kama alivyosema, hata kama hana kipya. "Bado, mama. Mwamba ni mwamba." Mama anamjibu, "Haya, asante, kunywa chai."

Jumamosi wageni walinawa, wakala, wakashiba. Unajua firigisi ya kuku kwetu haipewi mtu ovyo, hupewa mwenye heshima zake. Wajomba walikuwa wameshajiweka tayari. Mama akapita na sahani mbele yao wote, akaenda kumpa Barasa, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Walinuna, wacha! Mama akawaambia, "Huyu alijua nitamtukana, na bado alikuja. Nyinyi mnajua habari mbaya huwakimbiza watu namna gani."

Sasa wewe, mwanangu. Mradi wa maji umekuandika kazi ya kuwaeleza wakazi kinachoendelea. Leo umejificha hapa kwangu, simu umezima, eti watu wanafoka, eti huna jipya la kusema. Na wakati huohuo unaniambia maji yatakatwa mpaka wiki ijayo! Hilo si neno? Ukinyamaza, watajitungia lao. Watasema pesa zimeliwa, na siku wakiamka kuufukia mtaro mnaochimba, usiulize kwa nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Waambie mapema, na uwaambie ukweli. Usilolijua, sema hulijui, kisha taja siku utakayorudi, na urudi hata mikono mitupu. Na usiandike tu kwenye ile grupu ya simu ya wenye ploti halafu ukalale. Mpangaji hayumo, mama mboga hayumo. Bisha mlango. Wakikufokea, simama mpaka wamalize; kufokewa hakujawahi kumuua mtu, mimi nilimwona Barasa akifokewa na mama yangu na akaishi miaka mingi.

Mungu akupe ulimi wa kweli na moyo wa kuvumilia, na kila mlango utakaobisha usikose kikombe cha chai kwa ajili yako.

Haya, maliza hiyo chai yako uende. Huko mtaani kuna mama ana harusi Jumamosi, na mitungi yake bado ni mikavu.