Kaseti ya Waingereza kwenye Kilio cha Baba

Waliosikia kaseti ya baba mara moja tu ndio waliokuwa na maneno mengi kuliko wote. Sisi tuliolelewa nayo, tuliokula bukari, ugali wa kwetu, ikiwa inalia na kufanya kazi za shule ikiwa inalia, hakuna aliyetuuliza kitu.

Ilikuwa albamu ya roki ya Waingereza. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na mhandisi mmoja wa Ulaya, siku ya kurudi kwao, alimwachia redio yake na kaseti hiyo ndani. Jalada halikuwepo. Kulikuwa na jina la bendi tu, limeandikwa kwa kalamu ya bic. Baba hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Lakini kila Jumapili baada ya misa alitoa kiti uani, akaweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabonyeza. Kila wimbo aliupa maana yake. Wa kwanza, alisema, ni wa mtu aliyeibiwa baiskeli. Wa pili ni wa mtu huyo huyo, sasa ameiona baiskeli yake kwa shemeji. Wa tatu aliuruka. Kinanda cha mwanzo kikianza tu, kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kupeleka mbele.

"Ule ni wa bantu benye kushiba," alisema, na maelezo yaliishia hapo.

Jirani yetu, mstaafu aliyefanya kazi na baba karakana moja, alikuja kila Jumapili na kila Jumapili aliitukana kaseti.

"Papa, ile haiko muziki. Ile ni jenereta inalomba mafuta."

"Sasa juu ya nini unakuja?"

"Minye nakuja juu ya kiti yako. Ni ya muzuri."

Nilipomaliza sekondari na kupata simu, niliandika jina la ile bendi nikatafuta. Kumbe kaseti ya kwenye ndoo yetu ni albamu inayojulikana dunia nzima, wataalamu wameipa nyota zote walizokuwa nazo. Lakini chini ya nyota, wasikilizaji wenyewe walikuwa wanapigana. Mmoja alisema Uingereza haijatoa kitu kizuri zaidi ya hicho. Aliyemfuata alisema aliizima haijafika nusu akaenda kufua nguo. Mwingine aliusifu wimbo wa tatu kupita zote, kwamba unamtoa machozi, na wa chini yake akamjibu kwamba machozi hayo ni ya usingizi. Nilimtafsiria baba maoni hayo moja baada ya jingine. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ata kwabo iko vile vile! Basi mwambie jirani iko na ndugu Ulaya."

Alipougua na kujua kwamba haponi, aliniita. Mama alikuwa jikoni. Alisema, "Siku yangu, kwaya ya shangazi yako iimbe, nimekubali, hata nikikataa wataimba. Lakini mbele ya kutoka kwenye lango, muniwekee ile yangu." Nikasema ndiyo. Hakuniomba mara ya pili, na mimi si mtu wa kuombwa mara ya pili.

Sasa, siku ya pili ya kilio familia ilikaa chini ya turubai kupanga maziko. Nikasema ombi la baba. Ungedhani nimemwaga maji machafu katikati yao.

Shangazi, dada yake baba, anaongoza kikundi cha maombi katika kanisa la uamsho, na sauti yake haijui kushuka. "Kaka yangu alikufwa na jina ya Mungu mu kinywa. Weye unataka tumusindikize na shetani?"

"Shangazi, umesikia nyimbo ngapi za hiyo kaseti?"

"Sumu, banaionjaka kwanza?"

"Sasa umejua namna gani kama ni sumu?"

"Iko kizungu! Unajua beko banaita nani mule ndani?"

Kaka yangu mkubwa akaingilia. Ndiye aliyekodi bafle, zile spika kubwa, ndiye aliyekuwa anatembea na simu mbili mkononi. "Bakubwa ya kazi beko nakuja kesho kutoka mu mugodi ya Kakanda. Bakute gitaa inapiga makelele, batasema nini? Hapa ni kilio ao ni nganda ya pombe?"

"Yaya," nikamwambia kaka, "si wewe uliyeambiwa. Ni mimi."

"Weye umeolewa. Hii kilio ni ya bantu ya hapa. Enda unyonyeshe mutoto."

Nilikasirika mpaka maziwa yakanichuruzika yenyewe kwenye blauzi. Mimi niliyemgeuza baba kitandani, niliyemlisha uji, leo si mtu wa hapa! Na hasira yenyewe haikuwa kwa sababu hawakuipenda kaseti. Mtu na masikio yake. Jirani aliichukia kwa haki, alikaa mbele yake akaichukia wimbo kwa wimbo. Lakini hawa wawili walikuwa wanakataa kitu ambacho hawakuwahi kukaa chini wakakisikiliza, na walikuwa wanamkataza marehemu, si mimi.

Nikaenda kumnyonyesha mtoto. Wakadhani wameshinda. Nilikuwa nafikiri tu ni nani kwenye ua ule asiyeweza kukatazwa.

Kwetu, kwenye kilio cha babu, wajukuu ndio wakubwa. Wanavaa nguo zake, wanamwigiza alivyokuwa akitembea na kukohoa, wanawatania wenye huzuni mpaka wacheke. Jeneza likitaka kutoka, wanaziba njia na kudai ushuru wao, na lazima walipwe. Mjukuu hakasirikiwi, hafukuzwi. Anayemfukuza ndiye anayeharibu kilio. Na baba alikuwa na mjukuu mmoja tu anayeweza kutembea: binti yangu, miaka mitano, ambaye tangu kuzaliwa baba alimwita "muke wangu," naye mama yangu akimwita "mupinzani."

Jioni ile niliijaribu redio. Ililia. Nikaizima palepale, nikaiweka chini ya kitanda cha baba.

Asubuhi jeneza likaletwa kutoka hospitali, likawekwa uani. Kwaya ikaimba, shangazi mbele. Walipopumua kidogo nilimvisha binti yangu koti la kazi la baba, la bluu, likaburuta chini kama pazia. Nikamwekea kofia ya baba. Nikamtundikia redio shingoni kwa kitambaa, nikamwambia, "Enda kwa bwana yako."

Alitembea kama babu yake, mkono mmoja kiunoni. Akakohoa kikohozi chake. Watu wakaanza kucheka na kulia pamoja. Akafika kwenye jeneza, akageuka, akasema kwa sauti nzito, "Munyamaze bote. Mwizi wa baiskeli anakuja." Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Nilimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama turubai, na pochi yake ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Jirani akanyanyuka kutoka kwenye kiti kile kile cha Jumapili. Akafungua redio nyuma. "Nani alikula betri?" Akatoa tochi mfukoni, akazitoa betri zake, akazitia kwenye redio. Kaka yangu akaja haraka.

"Papa, tafazali, usichochee..."

"Minye ninachukia hii muziki tangu ungali unatambaa," jirani akamwambia. "Ninyi munaichukia tangu jana. Mukae chini."

Binti yangu akabonyeza, na kaseti ikaanza pale baba alipoiachia, yaani mwanzo wa wimbo wa tatu, ule wa kurukwa. Kinanda kikaingia polepole. Sikuwa nimewahi kuusikia wote maisha yangu. Hauna gitaa la kukwaruza, ni kinanda na mtu mmoja anayelalamika kwa upole. Mama mmoja wa kwaya, mnene, amefumba macho, alianza kuyumba. Akamwinamia shangazi akauliza, bila kunong'ona vizuri:

"Hii ni ya kwaya gani?"

Nusu ya watu walicheka. Wakubwa wa Kakanda wawili walikuwa wakitikisa vichwa, mmoja kwa kufuata mapigo, mwingine kwa kushangaa tumerukwa na akili. Wazee wa kiwandani walibishana palepale kama ni wimbo wa dini au wa mapenzi. Lakini betri za tochi zilikuwa za zamani. Kabla wimbo haujaisha sauti ikaanza kuvutika, ikawa nzito, ikawa kama ya ng'ombe.

Shangazi akaruka. "Musikie! Njo ule, ndiye yule! Njo shetani mwenyewe!"

"Hapana," binti yangu akasema, na akaipiga redio kibao kama babu yake alivyokuwa akiipiga. "Ni betri."

Hapo ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Kaka yangu alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Nikainama nikamnong'oneza binti yangu sikioni. Ndiyo, ni mimi, na ningefanya hivyo hata leo. Akaenda kusimama mbele ya jeneza, akanyoosha mikono miwili ndani ya ile mikono mirefu ya koti.

"Bwana yangu hatoki," akasema. "Munilipe kwanza."

Kaka yangu akaingiza mkono mfukoni, amefarijika, maana hapo anajua la kufanya.

"Sitaki feza," akasema mtoto. "Nataka betri."

Wanaume waliokuja kubeba jeneza wakaegemea ukuta kungoja. Watu wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakamtazama shangazi, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameiona ile pochi. Ushuru wa mjukuu haukataliwi. Shangazi alijua hivyo kuliko mimi, yeye mwenyewe alimzibia njia babu yake miaka ile, na mpaka leo anajisifu. Akaisukuma midomo nje. Akafungua pochi, akatoa betri moja, nyingine, akaendelea mpaka zote zikawa kwenye mikono ya mtoto.

"Unafanana na babu yako," akamwambia. "Kichwa ngumu hivi hivi."

"Aksanti, bibi."

Jirani akazitia. Akarudisha kaseti mwanzo. Gitaa likalia kama jenereta inayoomba mafuta, na baba akabebwa, binti yangu mbele na redio, akapita lango la nyumba yake huku mtu wa baiskeli akilalamika kwa nguvu zote. Kaka yangu aliziba sikio upande wa wakubwa wake. Shangazi aliomba kwa sauti ya kushindana na ngoma. Kila mtu na lake. Lakini kaseti ilipigwa.

Tuliporudi kutoka makaburini, mama alikuwa bado kwenye mkeka wa wajane. Nilimpelekea chai. Nikamwomba samahani kwa kaseti kuanza na ule wimbo, kwa sababu baba hakuupenda.

Mama akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiye na akili.

"Nani alikuambia hakuupenda? Ule njo wimbo wake. Minye njo sikuupenda. Ulikuwa unanipa usingizi mu mchana, nikamwambia, basi akaacha kuupiga."

Nikakaa kando yake kwenye mkeka.

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Miaka yote." Akapuliza chai yake. "Na leo nimeusikiliza vizuri, mpaka ulianza kulia sawa ng'ombe." Akanywa kidogo, akafikiri. "Ungali mubaya."